Tundu Namba Tatu

Machi 4

Mvua ya kwanza imenyesha mchana, na mabati ya gereji yamevuja palepale yalipovuja mwaka jana. Nimeweka ndoo. Mwenye duka la vipuri amegawia wateja wake shajara zenye picha ya betri kwenye jalada, moja kwangu na moja kwa Kaka. Ya Kaka imeshajaa vipimo vya kila injini iliyoingia wiki hii. Yangu nitaandika watu, maana injini nazijua.

Kaka ana miezi mitatu tangu arudi nyumbani, baada ya miaka tisa kwenye karakana kubwa ya mjini. Amerudi na mke mjamzito, na sanduku la vifaa lenye droo saba na kufuli. Mke, wifi yangu, nilimpenda siku ya kwanza, kwa sababu alinikuta chini ya gari akavua viatu na kuchuchumaa ili anisalimie. Na sanduku bado tunaangaliana tu.

Machi 7

Kufunga plagi nilifundishwa na Baba nikiwa na miaka kumi na miwili. Kwanza usafishe tundu kwa upepo, usije ukasukumia mchanga ndani ya injini. Kisha uichomeke plagi kwenye kipande cha mpira wa petroli na kuizungusha kwa vidole viwili. Ikiingia upande, mpira unateleza wenyewe na meno ya tundu hayaumii. Na kabla ya yote unapaka meno ya plagi grisi nyeusi kutoka kwenye kopo la Baba, ili siku ya kuifungua usiikute imeganda. Kukaza ni kazi ya mkono. Baba alikuwa na mkono huo, na mikono yake ilipoanza kutetemeka akasema mbele ya wateja kwamba mkono wake sasa ninao mimi. Tangu hapo mtaa mzima unaniita Mkono. Niliachika miaka sita iliyopita, lakini jina hilo halijaniacha.

Leo Kaka amesimama nyuma yangu nikikaza plagi za teksi.

"Umekaza kiasi gani?"

"Cha kutosha."

"Cha kutosha ndiyo ngapi?"

"Ni pale mkono unaposema basi."

"Mkono hauna namba, mdogo wangu."

Akafungua droo ya tatu akanionyesha spana ya kipimo. Ni ndefu, inang'aa, na kitakoni ina pete ya namba. Unaiweka kwenye namba unayotaka, unakaza, na ukifika inalia tak. Hapo unaacha. Nikamwambia mimi spana inayonipigia kelele siitaki, kelele zake yeye zinanitosha. Baba akacheka hadi akakohoa. Kaka hakucheka. Amebandika ukutani kadi yenye namba za kila aina ya injini, kwa mwandiko wake mzuri. Nimeitundikia ovaroli yangu juu.

Machi 11

Mvua. Breki mbili, klachi moja. Wifi amenifulia ovaroli bila kuombwa, na kadi ya Kaka sasa inasomeka.

Machi 15

Mikono inanuka grisi na bado ninaandika, kwa sababu nisipoandika leo sitaandika kamwe.

Gari la zahanati lililetwa asubuhi kubadilishwa plagi. Ni lile jeupe la juu, la magurudumu manne yanayovuta, ndilo pekee mtaani linalopanda mlima wakati wa matope. Kila Ijumaa hubeba wajawazito wenye mashaka kwenda hospitali ng'ambo ya mlima, na siku nyingine hubeba yeyote aliyezidiwa. Dereva wake tunamwita Breki, kwa sababu hana. Aliniachia gari akaenda kunywa chai, akisema kuna mama anamsubiri, nifanye haraka.

Baba alikuwa amelala. Kaka alikuwa ameenda kuulizia mabati, na sanduku lake, jambo ambalo halijawahi kutokea, lilikuwa wazi. Plagi namba moja na namba mbili nilikaza kwa mkono. Nikafika namba tatu, nikaiangalia ile droo. Nilitaka nijaribu tu. Nilitaka nijue kama mkono wangu na spana yake vinasema kitu kimoja. Ningekuta vinalingana, ningemwambia mezani mbele ya Baba na ubishi ungeisha. Nikasoma namba kwenye kadi, nikaiweka kwenye pete, nikaanza kukaza.

Nikasubiri tak. Haikuja. Mkono uliniambia basi, tena niliusikia vizuri kabisa, lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba leo nitaisikiliza spana. Nikavuta kidogo tena. Halafu ikalegea, ikawa inazunguka bure kama kifuniko cha chupa ya plastiki.

Nilipoichomoa plagi, meno ya hedi, kile kichwa cha injini plagi zinamokaa, yalikuja nayo, uzi mwembamba wa alumini umejiviringa juu yake.

Ndipo nikarudi kwenye kadi nikasoma mstari wa chini, wa herufi ndogo. *Meno yawe makavu. Yakiwa na grisi, punguza.* Plagi kavu inasuguana, nguvu nyingi inapotelea hapo. Yenye grisi inateleza, nguvu yote inaenda kwenye meno, na meno ya alumini ni laini. Mkono wa Baba unaijua grisi ya Baba. Spana ya Kaka haiijui. Mmoja wao peke yake angelifunga gari hili salama, mimi nimewachanganya. Wahenga walisema lila na fila havitangamani, ila hapa sijui ipi ndiyo lila.

Breki alikuwa anapiga honi nje. Nilichungulia tundu kwa tochi. Chini kabisa palibaki meno matatu, labda manne. Nikaichukua plagi nyingine, nikaitoa wosha yake ili izame zaidi iyafikie, nikaipaka gundi ya chuma, nikaizungusha kwa vidole hadi ikashika. Nikawasha. Injini ikanguruma vizuri mno.

"Mkono huo," Breki akasema, akaondoka.

Ile spana niliifuta nikairudisha droo ya tatu, kichwa kikiangalia upande ule ule. Vipande vya alumini nimevifunga kwenye kitambaa, vimo mfukoni mwangu.

Machi 16

Gari la zahanati limepita mara mbili, limerudi mara mbili.

Machi 17

Limepita mara moja. Limerudi.

Machi 18

Limepita asubuhi. Hadi saa tisa halijarudi, na mimi nimefunga na kufungua gurudumu moja mara tatu. Limerudi saa kumi kasoro. Breki alikuwa ameenda kutazama mpira.

Machi 21

Ijumaa. Wifi amepanda lile gari kwenda kupimwa. Sikuwa nimelifikiria hilo. Naapa, siku zote hizi nilikuwa nawafikiria akina mama wengine, wasio na sura. Amekaa dirishani akanipungia, nami nikampungia nikiwa na spana mkononi. Baada ya hapo nikakaa ndani ya teksi mbovu, nikafunga vioo hadi waliporudi.

Kwa nini sisemi? Nimejiuliza. Kusema ni kukiri kwamba nilifungua sanduku lake. Ni kukiri kwamba mkono uliniambia ukweli nikaunyima sikio, au kwamba nilivunja kitu kwa spana niliyoitukana wiki nzima. Nimegeuza maneno kila upande, na kila upande Kaka ana haki na mimi ninabaki bila jina. Haya ni mawazo madogo, najua. Ninayaandika yalivyo.

Machi 26

Breki kasimama nje, injini inawaka.

"Mkono, hebu sikiliza. Nikipanda mlima inanifanyia chi, chi, chi."

Nilisikia kabla hajazima. Ni upepo wa injini unaopenya pembeni mwa plagi.

"Hiyo ekzosi," nikasema. "Masika yakiisha niletee."

Kaka aliinua kichwa kule alikokuwa. "Ekzosi gani? Ngoja nilione."

"Hili gari tunalitengeneza mimi na Baba, miaka kumi na tano. Wewe malizana na klachi yako."

Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye klachi. Hajawahi kunitii haraka namna ile, na imeniuma kuliko angebisha.

Machi 28

Ijumaa. Amekwenda. Amerudi.

Aprili 4

Ijumaa. Amekwenda. Amerudi, kaninunulia karanga njiani. Sikuweza kuzila, nimempa Baba.

Nimepita duka la vipuri nikaagiza vifaa vya kurudishia meno. Kuna kikata meno kinachofuata tundu lile lile na kulipanua kidogo, na springi ndogo ya chuma kigumu inayozungushwa ndani na kuwa meno mapya, magumu kuliko ya kwanza. Kazi ya saa moja kwa mwenye mkono. Mwenye duka kasema vitatoka mjini, siku tatu au nne.

"Hedi ya nani imeliwa?" akauliza.

"Ya mtu tu."

Aprili 9

Havijafika. Barabara ya mjini imekatika mahali.

Leo nilimkuta Kaka jikoni peke yake, anaandika ukutani kwa penseli, ndogo ndogo nyuma ya mlango. Nilidhani ni vipimo vya gari. Zilikuwa dakika: kutoka mlangoni hadi zahanati, zahanati hadi mtoni, mtoni hadi kileleni, kileleni hadi hospitali. Jumla dakika arobaini na tano wakati wa matope. Amekuwa akimuuliza Breki kila Ijumaa na kurekebisha.

Nikamtania kwamba hata uchungu wa mke ataupimia namba. Akaweka penseli chini.

"Hukuambiwa kuhusu yule wa kwanza," akasema.

Niliambiwa mimba iliharibika. Haikuharibika. Miaka mitatu iliyopita, kule mjini, uchungu ulimwanza wifi asubuhi, na Kaka akasema bado, tungoje mpaka mchana, foleni ipungue. Alikadiria. Walipofika, wifi alipasuliwa haraka na mtoto alitolewa akiwa ameshakufa. Daktari akasema saa moja tu ingetosha. Wifi amebaki na kovu, na safari hii hairuhusiwi kabisa ajifungulie nyumbani wala zahanati.

"Tangu siku ile sikadirii kitu," Kaka akasema. "Hata sukari kwenye chai. Najua mnanicheka."

Miezi minne nimekuwa nikimwona mtu wa mbwembwe, aliyekuja kutuonyesha vyuma vinavyong'aa. Leo nimemwona jinsi alivyo. Anaogopa kila saa anayokuwa macho, na namba ndizo anazozishika asianguke. Nilisimama pale jikoni, vipande vya alumini mfukoni, sentensi nzima iko mdomoni. Nikasema, "Pole, Kaka." Nikatoka.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Wangu umeshavimba, na mguu utakaokatwa si wangu.

Aprili 11

Ijumaa. Nilimwambia wifi asiende, mvua kubwa. Akasema daktari anamtaka kila wiki sasa. Nikamwambia basi apande lori la yule anayeuza mawe ya kujengea. Akacheka, lile lori limezama tangu Jumatatu. Amekwenda. Dakika arobaini na nane kwenda, hamsini kurudi. Nami nimeanza kuhesabu.

Aprili 14

Chi, chi, chi, hata kwenye tambarare. Breki ameizoea, anaiimbia.

Aprili 18

Ijumaa. Amekwenda. Amerudi. Barabara ya chini imekufa kabisa, mto umekula kingo zote mbili. Imebaki ya mlimani tu.

Aprili 22

Jumanne. Vifaa vimefika. Vyote vimo kwenye kiboksi cha bluu kinachoenea mfukoni: kikata meno, springi tano, kifaa cha kuzizungushia. Saa moja tu ninaihitaji, Kaka asiwepo na gari liwepo. Jumapili anakwenda na Baba kwa shangazi. Nimemwambia Breki aniletee gari Jumapili nimwangalizie ekzosi. Kasema sawa.

Wifi ana wiki mbili bado. Jumapili iko karibu kuliko wiki mbili.

Aprili 23

Mvua. Kiboksi kimo mfukoni.

Aprili 24

Mvua. Kimo mfukoni. Zimebaki siku tatu hadi Jumapili.

Aprili 25

Sasa hivi ni saa kumi jioni, niko kwenye benchi la hospitali, ninaandika kwa kalamu ya karani.

Saa tatu asubuhi wifi alitoka ndani ameshika ukuta. "Kaka yako yuko wapi?" akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kaka alikuwa chini ya gari, akatoka kabla sijamwita. Uchungu ulikuwa umemwanza tangu alfajiri, akadhani ni mgongo. Kaka alipiga simu zahanati. Baada ya dakika sita, na alizihesabu kwa sauti, gari jeupe lilisimama mbele ya gereji, Breki kwenye usukani na mkunga pembeni yake. Mkunga wetu ni mama wa miraba minne asiyepoteza neno. Alimpima wifi pale pale kwenye chumba cha mbele, akatoka.

"Tunaondoka. Mtoto bado yuko juu, lakini lile kovu halinipi raha."

Gari lilikuwa linanguruma nje, chi, chi, chi, chi. Haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa kali zaidi, na ndani yake palikuwa na mgongano mdogo, wa kitu kinachocheza ndani ya tundu lake. Nilijua. Plagi ilikuwa imebakiza jino moja, ingeruka kabla ya nusu ya mlima, na gari linalovuta kwa silinda tatu badala ya nne halipandi matope yale. Wangekwama dakika ishirini kutoka kila mahali.

Kaka alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. Wifi aliinua mguu.

"Asipande," nikasema.

Wote wakageuka.

"Asipande hilo gari. Plagi namba tatu haina meno. Niliyang'oa mimi, tarehe kumi na tano mwezi wa tatu, kwa spana yako, Kaka. Nilipaka grisi halafu nikakaza kwa namba ya kavu. Nikaibandika kwa gundi. Siyo ekzosi. Haijawahi kuwa ekzosi."

Nilidhani atanipiga. Ningefurahi angenipiga. Alisimama ameshika mlango, maji ya mvua yanamtiririka usoni, halafu akamgeukia mkunga.

"Tuna muda gani?"

"Wewe una kazi ya muda gani?"

"Kushusha hedi ni siku nzima," Kaka akasema. "Kukata meno bila kushusha inawezekana, ila lazima kuwe na kikata meno na springi, na hapa hatu..."

Nikatoa kiboksi cha bluu mfukoni nikakiweka kwenye boneti. Alikitazama. Kilikuwa kimechakaa pembe kwa kukaa mfukoni.

"Umekipata lini?"

"Jumanne."

"Leo Ijumaa," akasema.

Sijawahi kusikia maneno mawili mazito kama yale.

"Nawapa saa moja," mkunga akasema. "Ikipita, namzalisha hapa na Mungu atusaidie." Akamrudisha wifi ndani. Wifi hakuniangalia.

Tuliingiza gari chini ya mabati. Gundi ilikuwa imeungua, plagi nikaitoa kwa vidole vitatu bila spana. Hedi ilikuwa ya moto. Kaka akaipuliza kwa kompresa kila upande huku akiitazama saa. Akaizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni namba tatu ikashuka, kikata meno kisije kikaigonga. Kisha akakichukua kikata meno, akakielekeza kwenye tundu, na hapo nikaona. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko ya Baba.

"Kata wewe," akasema. "Mimi sihisi kitu."

"Vipande vitaingia ndani ya silinda," nikasema. "Vitakwaruza kuta."

Baba alikuwa amesimama nyuma yetu. Sikujua tangu lini. Alinyoosha kopo lake la grisi.

"Jaza humu kwenye mifereji ya hicho chuma," akasema. "Vipande vitanasa kwenye grisi. Zungusha kidogo, toa, futa, jaza tena." Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Nilikufundisha kupaka. Kwa nini ninapaka na bado nakaza kidogo, sikukueleza. Nilidhani mkono ungekueleza wenyewe."

Alishika tochi kwa mikono miwili, na mwanga ukawa unacheza kwenye tundu.

Nikaingiza ncha. Nilifumba macho, kwa maana kukata meno kulikonyooka kunaonekana vidoleni kuliko machoni. Nusu duara mbele, robo nyuma. Toa. Grisi ilitoka na vumbi la alumini linalometa. Futa, jaza, rudi. Nusu mbele, robo nyuma. Ndani wifi alipiga kelele mara moja, fupi, na Kaka akasema, "Dakika ishirini na mbili," kana kwamba nimemwuliza. Nilitaka kuharakisha. Mkono ukasema hapana, na safari hii niliusikiliza.

Springi iliingia taratibu kama inayojua njia, ikazama robo duara chini ya ukingo. Kaka aliukata mkia wake mdogo kwa koleo ndefu, akautoa, akaniwekea kiganjani nihakikishe haujaanguka ndani. Tukaizungusha injini bila plagi, tundu likapuliza uchafu wa mwisho nje. Nikachukua plagi mpya, kavu, na wosha yake. Mpira wa petroli. Vidole viwili. Iliingia mpaka chini bila kinyongo.

Nikamwachia Kaka nafasi akaze. Akaiweka namba kwenye pete, akasoma kadi, akasoma tena. Halafu akanipa mimi spana.

"Sikiliza vyote viwili," akasema.

Nikakaza. Mkono ukasema basi, na kabla haujamaliza, spana ikasema tak.

Dakika arobaini na tisa.

Wifi aliletwa amejifunika shuka. Nikarudi nyuma kumpisha, na Kaka akaninyooshea kidole. "Wewe kaa mbele na vifaa vyako. Likifia mlimani, na wewe utakuwepo."

Nilikaa katikati, kati ya Breki na mkunga. Breki hakuimba. Mto ulikuwa unagusa mbao za daraja. Mlimani magurudumu yaliteleza mara mbili, injini ikalia kwa nguvu zake zote, na mimi nilikuwa nimeinama, sikio karibu na dashibodi, ninasubiri chi. Haikuja. Nyuma wifi alikuwa anahema na Kaka anamhesabia. Kileleni mkunga aliniwekea mkono begani, sijui kama ilikuwa huruma au alitafuta pa kujishikilia.

Wamempasua saa tano na nusu. Ni msichana, analia. Wifi hajaamka. Kaka amekaa mwisho wa benchi hili hili, na kati yetu panatosha watu wanne.

Aprili 27

Wifi ameamka. Daktari amesema kovu lilikuwa limeanza kuachia. Alisema ni vizuri walifika walipofika. Kaka alinitafsiria kwa namba, macho kwenye ukuta: "Nusu saa zaidi, ingekuwa basi."

Ningesema Jumanne, lile gari lingekuwa zima na tusingepoteza zile dakika arobaini na tisa. Ningenyamaza Ijumaa, tusingefika. Nimezipanga hizo mbili kila namna, ya pili haiifuti ya kwanza.

Mei 2

Wamerudi nyumbani. Wifi alimlaza mtoto, akaniita chumbani, akanionyesha kiti.

"Zile Ijumaa," akasema. "Nilipokuwa napanda nikikupungia. Ulikuwa unajua?"

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi yangu nimeshaimaliza.

"Nilijua."

"Zote?"

"Zote tano."

Alimvuta mtoto karibu naye. "Basi nenda," akasema. Sijaruhusiwa kumshika mtoto, wala sikuomba.

Mei 9

Mkunga kaja na agizo. Gari la zahanati nisiliguse bila Kaka kuwepo, na kila kazi tuweke sahihi wawili. Nikasema sawa. Wateja wawili wamesikia habari, mmoja ameita "Mkono" kwa namna ambayo si ya zamani. Nimeitika hivyo hivyo.

Kaka anaongea nami kuhusu kazi. Lete, shika, namba ngapi. Leo kaongeza mstari kwenye kadi ya ukutani, kwa herufi kubwa: GRISI, PUNGUZA KWA ROBO. Baba aliusoma, akasema afadhali ungeandikwa miaka thelathini iliyopita.

Mei 13

Mvua imekatika. Ndoo nimeitoa.

Mei 20

Leo ilikuwa siku ya kulikagua tundu namba tatu. Springi ikiwa haikushika vizuri, plagi ikifunguliwa hutoka nayo. Tulingoja gari lipoe tangu alfajiri. Kaka alikuwepo, Breki alikuwepo, Baba aliletewa kiti. Nikaivalisha plagi spana ya bokisi, nikafungua. Iligoma kidogo, kisha ikaachia, nami nikamalizia kwa mpira na vidole viwili. Plagi ilitoka peke yake, kavu, rangi ya kahawia kama inavyotakiwa. Nilimulika ndani. Springi ilikuwa palepale nilipoiacha.

"Imeshika?"

Haikuwa sauti ya Kaka. Wifi alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji na mtoto begani. Hajakanyaga hapa tangu siku ile.

"Imeshika," nikasema.

Akamtazama Kaka. Kaka akachungulia tundu kwa tochi yake mwenyewe, polepole, akatingisha kichwa kukubali. Hapo ndipo wifi akaja.

"Nenda kanawe," akaniambia.

Nilinawa kwa sabuni ya unga mara tatu, mpaka kwenye viwiko. Nikarudi nimeinua mikono kama daktari. Akaniwekea mtoto, mzito kuliko nilivyodhani, wa moto, ananuka maziwa.

"Mshike," wifi akasema. "Usimkaze."

Breki alicheka, kisha akageuza uso alipoona mimi ninalia. Nilimshika pale kati ya gari na ukuta, mkono ukiniambia kila wakati kiasi gani kinatosha, mpaka Kaka aliposema gari linangoja plagi yake.